Kukiua Chakula

Kila karamu ilipokwisha katika ukumbi ule wa mikutano, kazi ya mwisho ya jikoni ilikuwa kukiua chakula. Ndivyo walivyoiita wafanyakazi wenyewe, bila kucheka wala kukunja uso, kama mtu anavyosema anakwenda kufunga dirisha. Wali uliobaki, nyama iliyobaki, matunda ambayo hayakuguswa na mkono wa mtu, vyote vilimwagwa kwenye mapipa karibu na mlango wa nyuma. Kisha mwosha vyombo alichukua chupa ya sabuni na kunyunyiza juu, akizungusha mkono pasibaki mahali pakavu. Msimamizi alisimama kando, mikono kiunoni, akiutazama mkono huo mpaka umalize. Wakubwa wa ukumbi walikuwa na sababu yao: wafanyakazi wakijua kuna cha kubeba, watapika kingi makusudi. Basi heri kiharibike.

Mwosha vyombo aliitwa Mama Povu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka, mwenye vidole vilivyochujuka kwa maji hata kucha zikawa laini kama za mtoto mchanga. Msimamizi walimwita Kipaza, kwa kuwa hakujua kusema neno bila kulipaza. Hata akikusalimia unadhani umekosa.

Mpishi mkuu, jitu nene lenye moyo mwepesi, ndiye aliyebuni hila. Alitenga pipa moja la mwisho, akalisugua, akalitandika mfuko safi, na humo akamwaga chakula cha masufuria tu, sio cha kwenye sahani za watu. Pipa hilo Mama Povu alilimwagia kutoka chupa yake maalumu, iliyofanana na nyingine kwa kila kitu isipokuwa ndani yake mlikuwa na maji matupu. Kipaza aliona mkono unazunguka, akaridhika, akaenda zake. Wali ulilowa kidogo, lakini ukipashwa moto nyumbani hakuna aliyejali. Kila mtu alijichotea kiasi chake, na hakuna aliyemzidi mwenzake. Mwenye watoto wengi alisukumiwa bakuli la pili bila kuomba.

*

Wiki ile ukumbi ulikuwa na mkutano mkubwa. Juu ya mlango walitundika kitambaa chenye maandishi: "Tuthubutu Kufikiria: Sera Kali kwa Jamii ya Haki." Walikuja wasomi, waheshimiwa na wakubwa wa mashirika, wote na beji shingoni. Mama Povu alikuwa akiosha sahani zao nyuma ya kidirisha cha kupitishia vyombo, na maneno yao yalimfikia yakiwa yamechanganyika na mlio wa vijiko.

Nyumbani kwao kulikuwa na chumba kimoja na kibaraza. Kibarazani mumewe alishona viatu. Ndani, mama mkwe wake alikaa kwenye mkeka akingoja habari, maana macho yalikuwa yamefifia na ulimi haukutofautisha tena tamu na chungu, lakini masikio yalikuwa mazima na mdomo ulikuwa mzima zaidi.

"Haya, mwanangu," akasema jioni ile, "leo wakubwa wamefikiria nini?"

"Leo kuna aliyesema utajiri uwekewe mpaka, mama. Mtu akiufikia, basi. Cha ziada kinakuwa cha wote."

"Mpaka wenyewe uko wapi?" mumewe akauliza kutoka kibarazani, uzi mdomoni.

"Hawakukubaliana. Ikafika saa ya chai."

Wakacheka. Binti yao, aliyekuwa akichambua mchele karibu na bibi yake, akauliza kama hakuna mwingine.

"Yupo. Alisema viongozi na watoto wao watibiwe hospitali za umma na wasome shule za umma. Iwe sheria, anayekataa aache uongozi."

"Huyo nampenda," bibi akasema. "Ameoa?"

"Bibi! Na babu je?"

"Babu yako amelala kaburini, hasikii. Nyamaza wewe, mke mwenza, wivu tu huo." Akamfinya mjukuu shavu. Kisha akakaa sawa kwenye mkeka kama mtu aliyepewa jukwaa. "Mimi wangeniita mle ndani ningetoa sheria moja. Mtu yeyote anayetaka kutamka neno 'maskini' kwenye kipaza sauti, kwanza alale na njaa usiku wa kuamkia siku hiyo. Tena alale sakafuni."

"Utawamaliza wasemaji wote, mama."

"Si ndiyo raha yenyewe! Wataongea kidogo, waseme la maana, waende zao."

Fundi viatu naye akatoa yake. Kodi itozwe kwa soli, akasema. Mara moja kwa mwaka kila mtu alete viatu vyake vikaguliwe. Aliyechakaza soli asilipe kitu. Yule ambaye soli zake bado zinang'aa mwaka mzima, kwa sababu hakanyagi chini ila zulia, huyo ndiye atakayejenga barabara za wengine. Mkewe alicheka mpaka akajishika ubavu. Alikuwa na mume asiyekuwa na kitu mkononi, lakini hakuwahi kulala hajamchekesha.

Chakula cha pipa la mwisho kilipata moto, wakala.

*

Siku ya pili ya mkutano wageni waliongezeka, na sabuni ikaisha kabla ya mchana. Kipaza akaja jikoni na dumu la dawa ya masizi, ile ya kusugulia masufuria yaliyoungua. Ni dawa iliyo angavu kama maji, haina harufu, na mtu asiyevaa glavu humchubua ngozi. Akaamuru chupa zote za kumwagia mapipa zijazwe hiyo.

"Inaua vizuri zaidi!" akasema, kama vile mapipa yalikuwa yakipigana naye.

Kazi ya kujaza aliifanya msichana mpya waliyemwita Bibi Harusi, kwa sababu ameolewa juzijuzi na hina bado haijamtoka vidoleni. Alikuwa ameanza kazi wiki ileile, na hakuna aliyekuwa amepata nafasi ya kumnong'oneza habari ya chupa ile. Alipofika kwenye chupa ya Mama Povu, nyuma ya bomba, akaifungua, akaonja kwa ncha ya kidole, akakuta ni maji. Alishtuka kwa ajili ya mwenzake. Akafikiri: masikini, ameishiwa akajazia maji, Kipaza akigundua atamvua nguo kwa maneno. Basi akayamwaga maji, akaijaza dawa, akaifuta vizuri kwa kitambaa, akairudisha palepale. Hakusema kitu. Kwao alifundishwa kwamba ukimsitiri mtu usimtangazie.

Alasiri Mama Povu alimwagia mapipa yote, na la mwisho akalimwagia kutoka chupa yake, mkono ukizunguka polepole. Yeye alikuwa wa zamu ya kutoka mapema. Wengine walibaki kwa ajili ya tafrija ya jioni, wangechota baadaye. Akajaza kibakuli chake, akakifunga kwenye khanga, akapita getini. Mlinzi akageuza uso kuangalia upande wa pili, kama alivyofanya siku zote.

*

Mama mkwe aliandaliwa kwanza. Ndiyo desturi ya nyumba ile: mkubwa anapakuliwa, anaonja, anasema "karibuni", ndipo wengine wanajongea.

"Leo wamefikiria nini?" akauliza huku akitia tonge la kwanza.

"Leo wamebishana kama mtoto wa tajiri arithi," mkwewe akajibu. Alikuwa akichambua mifupa kutoka sahani ya binti yake. "Mmoja akasema kila mtu akifa mali irudi kwa jamii, watoto wote waanze mbio kwenye mstari mmoja. Wakampigia makofi, mama, ukumbi mzima! Halafu nikasikia huyohuyo akimwambia mwenziwe kwenye chai kwamba mwanawe..."

Alikuwa akisugua kidole gumba na cha shahada. Vilikuwa vinateleza. Si utelezi wa mafuta. Ulikuwa ule utelezi mwingine, wa ngozi yenyewe kuanza kuyeyuka, alioujua kuliko alivyoujua uso wake kwenye kioo.

"Pilipili ya leo imezidi," mama mkwe akasema na kumeza la pili.

Mama Povu aliipiga sahani ya binti yake kwa kofi, ikaruka mpaka ukutani. Akamrukia mama mkwe, akamtia vidole mdomoni akitoa wali. Bibi alikuwa tayari ameshika koo. Macho yalimtoka, na mate yakaanza kumchuruzika asiweze kuyameza. Midomo iligeuka myeupe.

"Mama! Mama, teme! Baba wee, njoo!"

Fundi viatu akaingia na kiatu cha mtu mkononi. Jirani aliyekuwa na mkokoteni wa kuuzia maji akasikia kelele, akateremsha madumu yake yote barabarani bila kuulizwa, wakampakia bibi humo.

*

Kwenye dirisha la mapokezi ya hospitali karani alisema, "Kadi kwanza," bila kuinua kichwa. Fundi akaanza kumwelezea. Karani akarudia, "Kadi." Muuguzi aliyekuwa akipita na beseni akamwona bibi mkokotenini, akaliweka beseni juu ya meza ya karani, juu ya karatasi zake, akasema, "Andika hiyo kadi wakati mimi nampeleka." Hakungoja jibu.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi. Akakataza bibi asitapishwe na asipewe kitu. Akauliza amekula nini.

Fundi viatu akamtangulia mkewe. "Ni bahati mbaya, daktari. Mama haoni vizuri. Alidhani ni maji, kumbe dawa ya kufulia."

Kisha akamvuta mkewe pembeni, akamnong'oneza haraka haraka. "Usiseme ya ukumbini. Ukisema unga umemwagika. Wataita polisi, watasema umeiba. Tutakula nini?"

"Leo tumekula nini?" mkewe akamuuliza.

Akamwangalia mpaka mumewe akainamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hofu tu, na hofu yake ilikuwa na haki yote. Mama Povu akamgusa bega, akarudi kwa daktari.

"Amesema hivyo kunificha mimi, baba. Ni chakula cha ukumbi ninakofanya kazi. Huwa tunakimwagia sabuni kisiliwe na watu. Leo sijui kimemwagiwa nini."

Daktari akaacha kuandika. "Mnakimwagia sabuni chakula?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

Kijana yule hakumkemea. Alisema tu, "Nahitaji kujua ni dawa gani. Zipo zinazochoma zikaishia hapo, na zipo zinazoendelea kula nyama ndani kwa ndani, na kila moja ina njia yake. Niletee chombo ilimotoka. Kimbia, mama."

Alikuwa amefika mlangoni alipokumbuka jambo jingine, likamkata maini. Wenzake walikuwa bado hawajachota.

*

Kijana wa pikipiki nje ya hospitali alimwangalia miguu, maana alikuwa ametoka bila viatu, akasema, "Panda, nauli tutaongea siku nyingine." Akaendesha kwa fujo hadi geti la nyuma.

"Mama Povu! Umesahau nini?" mlinzi akauliza.

Mama Povu alimpita. Alisukuma mlango wa jikoni kwa mabega yote mawili.

"Msile! Pipa la mwisho msile! Limekufa!"

Mpishi mkuu alikuwa na upawa mkononi na mifuko ya wenzake imepangwa mbele yake. Akausimamisha hewani. Nyuma ya kidirisha, ukumbini, kulikuwa na muziki laini na watu wenye glasi.

"Limekufa vipi?" mpishi akanong'ona. "Chupa si yako?"

Bibi Harusi alikuwa kwenye sinki. Sahani ilimponyoka, ikavunjika. "Ni mimi," akasema. "Nilikujazia. Nilikuta maji, nikadhani umeishiwa. Nikaogopa Kipaza atakusema mbele za watu. Dada, ni mimi."

Mama Povu alitaka kumpiga. Mkono ulinyanyuka wenyewe. Ulipomfikia msichana yule, ukamshika shavu. "Ulinisitiri," akasema. "Najua, mdogo wangu. Usilie sasa, utalia baadaye. Nipe dumu. Mama mkwe yuko hospitali, wanataka kuona dawa."

"Kumbe!"

Kipaza alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Alitembea bila haraka hadi ukutani lilipokuwa dumu tupu la dawa ya masizi, akaweka mguu wake juu yake, kiatu kikubwa cheusi kilichopigwa rangi.

"Kumbe mlikuwa na chupa ya maji," akasema. "Siku zote hizi. Mbele ya macho yangu."

"Bwana, nihukumu kesho. Nipe hilo dumu, mtu mzima anakufa."

"Kwanza sema."

"Niseme nini?"

"Wewe ni nani. Sema mimi ni mwizi. Wenzako wasikie."

Mpishi akasema, "Bwana mkubwa, jamani, kuna uhai hapa."

"Na wewe zamu yako inakuja!"

Mama Povu alitazama kiatu kile. Alijikaza kisabuni. Maneno yenyewe hayakuwa mazito, alikuwa amebeba masufuria mazito zaidi.

"Mimi ni mwizi."

"Sauti!"

"Mimi ni mwizi!"

"Mwizi wa nini?"

"Mwizi wa wali!" akapiga kelele, na sauti yake ikapita kwenye kidirisha mpaka ukumbini, muziki ukaonekana kama umepungua. "Mwizi wa wali mlioukataa! Nimwache mama mkwe wangu afe au nirudie tena?"

Kipaza alikuwa akifikiria, wallahi, alikuwa akifikiria kama arudie. Ndipo Bibi Harusi akapiga magoti, akalishika dumu kwa mikono yake yenye hina, akalivuta kwa nguvu zote chini ya kile kiatu. Kipaza akayumba, akashika ukingo wa sinki, akaloa mpaka kwenye kiwiko. Msichana akampa Mama Povu dumu.

Mama Povu alipogeuka ili akimbie alizibwa njia. Mwanamke mmoja wa beji alikuwa ameingia kwa mlango wa ukumbini, glasi mkononi, macho yamelowa kwelikweli. Huyo ndiye aliyeongoza kikao cha chakula na usawa siku ile.

"Nimesikia," akasema. "Nimesikia kila kitu. Siamini. Hili ndilo tunalolizungumza siku mbili nzima, na lilikuwa hapa, nyuma ya ukuta!" Akamshika Mama Povu mkono uleule ulioshika dumu. "Dada yangu, kesho asubuhi tunafunga. Tafadhali njoo useme. Dakika tano tu. Hadithi yako ina nguvu sana."

"Mama mkwe wangu anakufa."

"Ndiyo. Ndiyo maana ina nguvu."

Mama Povu alimtazama usoni. Hakukuwa na ubaya wowote mle, na hilo ndilo lililomtia kichefuchefu. Alikuwa ameosha mabaki ya vinywa vya watu kwa miaka mingi, ameokota meno ya bandia kwenye mchuzi na sigara zilizozimwa kwenye keki, na hakuna siku roho yake ilichafuka namna ile. Akautoa mkono wake taratibu, kama mtu anayejinasua kwenye mwiba, akakimbia.

Pikipiki ilikuwa bado inamngoja, injini haijazimwa.

*

Mama mkwe hakufa. Daktari alisema ni matonge mawili tu, na dumu lilikuja wakati wake. Lakini koo lilikuwa limeungua, na kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuutaja angelishwa uji kwa mrija uliopita puani. Kuongea hakuweza. Yeye aliyetaka kuwaamuru wakubwa walale sakafuni sasa alikuwa akiongea kwa kumfinya mjukuu wake: mara moja ndiyo, mara mbili hapana, na finyo refu ni tusi. Binti alikuwa anatafsiri.

"Bibi anasema hiki kitanda kina kunguni wenye vyeo."

Kazi ilikwisha siku ileile. Mlinzi ndiye aliyeleta habari. Alileta pia ndara za kazi za Mama Povu na aproni, vimekunjwa vizuri kwenye gazeti, na chini yake mkate ambao hakuutaja. Mpishi mkuu alifukuzwa pia. Alikuja wodini na chupa ya uji wa kupitisha mrijani, ameuchuja mara nyingi ukawa kama maziwa, akakaa kwenye kiti kidogo kilichomlalamikia chini yake, akasema uji huo ndio chakula cha kwanza alichopika kwa miaka mingi ambacho ana hakika kitaliwa chote.

"Mkutano wao umeisha?" fundi viatu akamuuliza.

"Umeisha. Wamepitisha azimio. Chakula kinachobaki kisimwagwe tena, kipelekwe kwa wenye shida. Wakapigiwa makofi, ukumbi mzima umesimama."

"Na utajiri je? Ule mpaka wao? Na mirathi?"

"Hayo wameyaundia kamati."

Fundi akacheka kwa pua, akaendelea kushona kiatu cha mgonjwa wa kitanda cha jirani, kazi aliyoiomba mwenyewe ili mikono isikae bure.

*

Walikuja siku ya wageni, mchana. Alitangulia mpiga picha, akafuata mwanamke wa beji, safari hii bila beji lakini na tabasamu lilelile lenye machozi karibu. Nyuma yake akaja Kipaza, amevaa fulana mpya nyeupe yenye maandishi ya azimio kifuani, amebeba maboksi ya chakula yaliyopangana mpaka kidevuni. Alisalimia wodi nzima kwa sauti ya chini. Mama Povu hakuwahi kujua kwamba mtu yule ana sauti ya chini.

Wodi iliamka. Hospitali ile iliwapa wagonjwa kikombe cha chai na kipande cha kitu kigumu, na waliokuwa na ndugu walingoja ndugu. Wengine hawakuwa na wa kumngoja. Harufu ya nyama ilipotoka kwenye maboksi watu waliokuwa wamelala wakaegemea viwiko. Mzee mmoja akafuta mikono yake kwenye shuka, tayari.

"Tumeona boksi la kwanza ulipokee wewe," mwanamke akamwambia Mama Povu. "Wewe ndiye uliyetufumbua macho. Usimame hapa, karibu na mama. Hivi. Na bwana huyu akukabidhi."

Kipaza akamnyooshea boksi. Hakumwangalia. Mpiga picha akainama, akasogea, akamwomba bibi aangalie huku. Bibi akamfinya mjukuu, finyo refu.

Mama Povu alilipokea. Wodi nzima ilikuwa ikimtazama mikono. Kulikataa asingeweza, halikuwa lake peke yake. Akalifungua. Kulikuwa na wali mweupe, nyama na kipande cha tunda, na kijiko cha plastiki juu yake. Kilikuwa chakula kizuri. Akachota kijiko kilichojaa, akakinyoosha kuelekea kwa yule mwanamke.

"Onja, dada."

"Ah! Hapana, asante, mimi nimeshakula."

"Kidogo tu."

Mwanamke akacheka, akatazama kijiko, akatazama kitanda cha karibu chenye kitambaa cha damu kavu, na pua yake ikakunjamana kidogo sana kabla hajaiwahi. Mama Povu aliliona kunjo lile. Akageuza kijiko kwa Kipaza. Kipaza akarudi nyuma hatua, maboksi yakamgonga kidevu.

"Sisi huwa hatuli cha wageni," akasema, na papo hapo uso ukamshuka.

"Tabasamu kidogo, mama," mpiga picha akasema.

Mama Povu alikitia kijiko mdomoni mwake mwenyewe. Alikiacha chakula kikae juu ya ulimi. Alisugua kidole gumba na cha shahada vilivyogusa wali, polepole, kama mtu anayepima kitambaa dukani. Kisha akameza. Binti yake alimshika nguo kwa nyuma. Fundi viatu alikuwa amesimama, sindano mkononi.

"Kuna tatizo?" mwanamke akauliza. "Watu wana njaa. Tugawe?"

Yule mzee wa mikono safi alikuwa tayari ameinuka. Mama Povu akamwekea kiganja, kwa upole, kama mtu anavyomzuia mtoto ukingoni mwa barabara. Mkono mwingine ulilishika koo.

"Ngojeni kidogo, baba," akasema. "Bado sijajua."